Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Mkahawa wa Kithai na Majina ya Vyakula Vyetu

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Aghalabu tunapoitumia methali hii humfikiria yule jogoo aliyetunzwa miezi na miezi, na ambaye huchinjwa siku mgeni anapobisha hodi, nao wenyeji wakapata kitoweo ambacho wasingekiona siku ya kawaida. Katika makala haya nanuia kuielekeza methali hiyo kwa mgeni wa aina nyingine, yaani mkahawa wa Kithai katika jiji la Nairobi. Dai langu ni kwamba mgeni huyu amebisha hodi akiwa na dawa ya ugonjwa ambao sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tumekuwa nao kwa muda mrefu bila kuutaja: ugonjwa wa kuyaonea haya majina ya vyakula vyetu wenyewe.

Huenda msomaji akashangaa. Jarida hili limezoea uhakiki wa riwaya, fonolojia ya lahaja na mgogoro usiokwisha wa wanamapokeo na wanamabadiliko. Chakula kina nafasi gani hapa? Kina nafasi, maadamu chakula huagizwa kwa maneno, na maneno ndiyo kazi tuliyoichagua.

Mkahawa ninaouzungumzia uko mtaani Westlands, nao hauna makuu. Meza zimetandikwa plastiki, viti havifanani, na katikati ya kila meza mna vichupa vinne: sukari, mchuzi wa samaki, pilipili kavu iliyopondwa, na siki iliyotiwa vipande vya pilipili mbichi. Ndivyo ilivyo katika mikahawa midogo ya tambi huko Bangkok. Mpishi huleta bakuli akijua kwamba mlaji mwenyewe ndiye atakayemalizia upishi kwa kuongeza utamu, chumvi, ukali au uchachu kadiri ya ulimi wake. Tulikwenda wanne, wote wa shahada ya uzamili, tukiwa tumechanga kwa wiki kadhaa, kwa kuwa bei ya huko si ya kibanda cha nyuma ya bweni. Kwenye kioo cha mlango palikuwa na maandishi ya Kiingereza yaliyodai kuwa chakula cha humo ni cha Kithai halisi.

Neno hilo halisi lina utata wake, nalo linafaa kuchunguzwa kabla hatujaketi. Kiswahili kimelikopa kutoka Kiarabu, ambako maana yake ya asili ni kitu safi kisichochanganywa na kingine. Tukishikilia maana hiyo, hakuna chakula cha Kithai kilicho halisi. Pilipili iliyopondwa katika kila sahani ilitoka bara la Amerika, na inaaminika kuwa iliingia Siam katika karne ya 16 kupitia biashara ya Wareno, ambao mjumbe wao wa kwanza alifika Ayutthaya mwaka 1511. Papai, ambalo likiwa bichi hutengenezewa kachumbari inayopendwa kuliko zote, nalo ni la Amerika. Njugu karanga, vivyo hivyo. Tambi na sufuria pana la kukaangia vilikuja na Wachina. Mchuzi uitwao massaman hutiwa iliki, mdalasini na karafuu, na wataalamu wengi hulihusisha jina lake na neno la kale la kumtaja Mwislamu, kwa hiyo ni mchuzi wa wageni uliopata uraia. Mchuzi huo huo umetajwa katika shairi mashuhuri la wapiga makasia linalosifu vyakula vya mpenzi, ambalo mwanamfalme mmoja wa Siam alilitunga kabla ya kutawazwa kuwa Mfalme Rama wa Pili mwaka 1809. Laiti washairi wetu wa leo wangeliona jiko kuwa mada ya heshima kama alivyoliona mwana wa mfalme!

Kisha kuna phat thai, tambi za kukaanga ambazo kila mgeni huziagiza kwanza. Jina lake lina neno Thai ndani yake kwa sababu za kisiasa. Serikali ya Phibunsongkhram, aliyeshika uwaziri mkuu mwaka 1938, ndiyo iliyolibadilisha jina la nchi kutoka Siam hadi Thailand mwaka 1939, na ndiyo iliyowahimiza raia wale tambi hizo katika harakati za kujenga taifa. Hebu tafakari: chakula kinachotambulika zaidi kuwa halisi kina umri mdogo kuliko babu za baadhi yetu, na tambi zake zina asili ya Kichina.

Kwa nini basi mlaji hatoki pale akiona amedanganywa? Kwa maoni yangu ni kwa sababu Wathai wameichanganya mitungi yao kwa karne nyingi bila kuachilia mamlaka ya kuvipa vitu majina. Mgeni akiingia jikoni mwao, hupewa jina la Kithai au jina lake husemwa kwa ulimi wa Kithai. Mfano ulio bora ni wa pilipili yenyewe. Zamani neno phrik lilikuwa la pilipili nyeusi. Pilipili ya Amerika ilipokuja na kupendwa kupita kiasi, ilinyakua jina hilo, na ile ya kale ikalazimika kuongezewa kivumishi: leo pilipili nyeusi huitwa phrik thai, yaani pilipili ya Kithai. Mwanafunzi wa semantiki atatambua mara moja kwamba nasi tulipitia njia hiyo hiyo. Pilipili tu, kwa Mswahili wa leo, ni ile inayowasha ya Amerika, ilhali ile ya kale imebaki kuitwa pilipili manga, Manga ikiwa ni Uarabuni. Jamii mbili zilizotenganishwa na Bahari ya Hindi zilipata mgeni mmoja katika enzi moja, zikatatua tatizo la jina kwa mbinu moja. Tofauti ni kwamba Mthai aliiita ile ya kale yake, nasi tukaiita ya Mwarabu.

Nirejee mezani. Orodha ya vyakula ilikuwa na majina ya Kithai kwa herufi kubwa na maelezo ya Kiingereza chini yake kwa herufi ndogo. Tom yam kung: tom ni kuchemsha, yam ni kuchanganya vitu vikali na vichachu, kung ni kamba, yule wa baharini, si yule wa kufungia ng'ombe. Som tam: uchachu na kutwanga. Khao phat: wali na kukaanga. Anayesoma majina haya anasoma pia sarufi ya jiko. Katika khao phat nomino hutangulia na namna ya kupikwa hufuata, kama tusemavyo wali wa kukaanga, samaki wa kupaka, kuku wa nazi. Kiingereza ndicho kinachogeuza mambo. Kaeng khiao wan ni mchuzi wa kijani kitamu, na neno hilo tamu laielezea rangi, yaani kijani laini kisichokoza. Meza ya jirani walilalamika kwamba mchuzi ule haukuwa mtamu kama walivyotarajia. Walidai pia vijiti vya kulia wali, wakiamini kwamba kila Mwasia hula kwa vijiti, ilhali Mthai hula wali wake kwa kijiko na uma, na wali wa kunata huula kwa mkono kama alavyo mtu wa Lamu.

Jambo lililonigusa zaidi lilikuwa mpangilio wa orodha ile. Kwa desturi ya mikahawa ya Kiingereza, michuzi na nyama viliwekwa chini ya kichwa cha mlo mkuu, na wali ukasukumwa ukurasa wa mwisho pamoja na soda, kana kwamba ni nyongeza. Mthai haoni hivyo. Kwake, kula ni kin khao, yaani kula wali, hata kama sahani ina vitu kumi. Mchuzi, samaki na mboga huitwa kap khao, vya kuliwa pamoja na wali. Kiingereza hakina neno moja la dhana hiyo, ndiyo maana mfasiri wa orodha ile alikwama. Kiswahili kinalo. Ni kitoweo. Mtoto wa darasa la pili anajua kuwa kitoweo hakiliwi peke yake, na kwamba aulizaye "leo kitoweo gani?" tayari ameshajua kuwa wali au ugali upo. Neno moja la Kiswahili lingeinyosha orodha nzima ambayo Kiingereza kiliipindua.

Isitoshe, pale palipoandikwa neno moja la Kiingereza la wali, Kiswahili kina matatu: mpunga shambani, mchele dukani, wali sahanini. Kithai hutumia khao na kuiongezea maneno mengine ili kutofautisha hatua hizo. Hapa tumewapita hata wenye chakula.

Tulipoletewa mchuzi wa kijani, mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Malindi, alionja kijiko kimoja akamwita mhudumu.

"Kaka, samahani. Tui hili ni la kopo?"

"La kopo, dada. Linatoka huko huko Thailand."

Mhudumu alijibu kwa fahari, akidhani ameulizwa kuhusu uhalisi. Mwenzetu alitikisa kichwa asiseme neno. Baadaye, tukiwa njiani, alitueleza kilichomjulisha. Mama yake alimfundisha kulikoroga tui bila kuacha mpaka lichemke, lisije likakatika, kwa kuwa tui lililokatika kwenye samaki wa kupaka ni aibu kwa mpishi. Mpishi wa Kithai, kinyume chake, huanza kwa kulikata makusudi: hulichemsha lile tui zito mpaka mafuta yajitenge, kisha huikaanga pilipili yake ya kutwanga katika mafuta hayo. Juu ya mchuzi wetu hapakuelea mafuta yoyote. Tui la kopo aghalabu hutiwa viungo vya kulizuia lisijitenge, na kwa hivyo hukataa kukatika hata linapotakiwa likatike.

Tui hilo zito la kwanza Wathai huliita hua kathi, kichwa cha tui, na lile jepesi linalokamuliwa baadaye huitwa hang kathi, mkia wa tui. Nasi tuna kasimile, lile zito linalotangulia, kisha tui la pili. Tuna chicha, makapi yabakiayo baada ya kukamua. Tuna kifumbu cha kukamulia. Na tuna mbuzi. Kigoda cha kukunia nazi, chenye ulimi wa chuma wenye meno, ambacho mkunaji hukikalia, Mswahili alikiita mbuzi. Mthai ana kigoda cha namna hiyo hiyo, aghalabu kilichochongwa kwa umbo la mnyama, naye alikiita kratai, yaani sungura. Sijui kama kuna mahali pengine ambapo watu wa pande mbili za bahari moja walikitazama kifaa kimoja, kila mmoja akaona mnyama ndani yake.

Sasa tutoke mkahawani twende Pwani, au tubaki hapa hapa Nairobi katika hoteli zinazojinadi kwa vyakula vya Pwani. Hapo ndipo aibu yetu ilipo. Katika hoteli moja ya ufuoni, ambayo sitaitaja, niliwahi kupewa orodha ndefu ya vyakula isiyokuwa na neno hata moja la Kiswahili. Wali wa nazi uliandikwa kwa Kiingereza kama wali uliopikwa kwa maziwa ya nazi. Samaki wa kupaka alikuwa minofu ya samaki katika sosi ya nazi na ukwaju. Mahamri yalikuwa maandazi ya Kiafrika, viazi karai vilikuwa viazi vilivyokaangwa kwa unga, na mbaazi zilipoteza jina lao kabisa. Aliyeandika orodha ile bila shaka aliyajua majina hayo tangu utotoni. Aliyafuta ili mgeni asitaabike.

Linganisha, mpenzi msomaji. Mgeni yule yule asiyeweza kutaabishwa na maneno samaki wa kupaka ndiye anayejifunza kutamka tom yam kung, som tam na massaman pasipo kulalamika, tena akirudi kwao hujigamba kwamba anayajua. Mkahawa wa Kithai Nairobi umeyatunza majina ya nyumbani kwake umbali wa maelfu ya kilomita. Sisi tumeyashindwa yetu hatua mia moja kutoka mnazi ulikoota.

Nisije nikaonekana ninatia chumvi, nakiri kuwa hali haiko hivyo kwa vyakula vyote. Nyama choma imesimama. Hakuna mtalii aliyeifasiri, na hoteli za kifahari huiandika jinsi ilivyo. Ugali umesimama, githeri na mukimo vimesimama, na mboga za kienyeji kama managu na mrenda huuzwa Nairobi kwa majina yaliyotoka katika lugha za wenyeji wake. Majina haya yanathibitisha kwamba mlaji hashindwi na jina. Kinachowashinda wenye hoteli ni kuamini kwamba chakula cha Mswahili kinaweza kusimama mbele ya mgeni kwa jina la Mswahili. Chapati na biriani vilikuja na majina yao na vikabaki nayo, na hakuna aliyewahi kuomba radhi kwa hayo. Iweje mahamri yaombe radhi?

Kuna watakaosema kuwa hayo ni mambo ya biashara, na kwamba mwenye mkahawa anaandika kile kinachouza. Hoja hii ina uzito, lakini Thailand yenyewe inaipinga. Serikali ya nchi hiyo iliyaona majina na vyakula kuwa ndiyo biashara. Mwaka 2002 ilianzisha mpango wa kueneza mikahawa ya Kithai ulimwenguni, wakati ilipokadiriwa kuwa tayari ipo takriban 5,500, kwa lengo la kufikia 8,000. Wizara ya Biashara ya huko hutoa nembo ya Thai Select kwa mikahawa ya ng'ambo inayotimiza vigezo vya upishi wa Kithai. Mwaka 2024 tom yam kung ikaingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa jina lake lile lile la Kithai. Mimi si shabiki wa serikali kuingia jikoni. Chakula kilichopigiwa muhuri wa wizara huelekea kufanana kila kiendapo, na nina hakika kwamba vibibi wengi wa Bangkok hupika vyakula vitamu visivyotimiza kigezo chochote. Hata hivyo, hakuna anayeweza kusema tena kwamba kulitunza jina kunafukuza wateja.

Nasi hatuna kisingizio cha kukosa msaada wa sheria. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inasema kuwa Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. UNESCO hiyo hiyo ilizitambua juhudi za Kenya za kuhifadhi vyakula vya kienyeji mwaka 2021, mwaka ambao pia iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Tumetambuliwa mara mbili katika mwaka mmoja, kwa chakula na kwa lugha, lakini hatujaviweka viwili hivyo kwenye karatasi moja.

Wapo pia wenzetu, hasa miongoni mwa wahadhiri, watakaoniambia kuwa orodha ya vyakula si fasihi. Nawaheshimu, ila nawauliza: neno kifumbu litaishi wapi? Limo kamusini, ndiyo. Lakini katika darasa letu la watu kumi na wawili, waliowahi kukishika kifumbu walikuwa wawili, na mmoja wao alidhani ni neno la kwao kijijini tu. Neno kasimile lilijulikana na mmoja. Kisa chenyewe ni rahisi. Katika maduka makubwa ya Nairobi, na sasa hata ya Mombasa, tui hununuliwa likiwa kwenye kopo au pakiti, na mengi ya makopo hayo yanatoka Thailand. Juu yake pana Kithai, pana Kiingereza, wakati mwingine Kifaransa na Kiarabu. Neno tui halimo. Mama kijana anayelinunua hakuni, kwa hivyo hana haja ya mbuzi. Hakamui, kwa hivyo hana kifumbu. Halipati la kwanza na la pili, kwa hivyo hana kasimile, na hana chicha ya kuwatupia kuku. Kopo moja linayaondoa maneno manne jikoni kwa siku moja, nayo minazi ya Kilifi na Kwale ingali imesimama.

Simlaumu mama huyo. Kukuna nazi ni kazi, na anayeitukuza sana kazi hiyo aghalabu ni mwanamume ambaye hajawahi kulikalia mbuzi. Ninachosema ni kwamba kifaa kikiondoka, neno lake linahitaji makao mengine, na makao yaliyo karibu zaidi ni karatasi inayosomwa na kila mwenye njaa. Watu ambao hawatafungua diwani maisha yao yote husoma orodha ya vyakula kwa makini kuliko tunavyozisoma tasnifu. Kama pangeandikwa "samaki wa kupaka kwa kasimile", mteja angeuliza kasimile ni nini, na mhudumu angemjibu. Hilo ni somo la msamiati lisilohitaji ubao.

Tena wahudumu wanaweza. Yule kaka aliyetuhudumia alikuwa amekariri maelezo yake yote kwa Kiingereza, na aliyatoa kwa kasi ya mtu anayesoma risala. Tulipomuuliza kwa Kiswahili jani lile refu lililoelea kwenye supu ni nini, alitabasamu akasema, "Mchaichai, huu tunaotia kwenye chai nyumbani." Akaendelea bila kuulizwa: ukwaju upo kwenye zile tambi, giligilani imenyunyizwa juu, jani la mlimau limo ndani ila si la kutafunwa, papai limekatwa nyuzi nyuzi likapondwa kwenye kinu kwa mchi. Kwa dakika mbili alikifasiri kile ambacho orodha yake ilikuwa imekificha, na hakuomba neno hata moja la Kiingereza. Meza ya jirani waligeuka kusikiliza.

Napendekeza jambo dogo ambalo chama chetu kinaweza kulifanya bila kungoja ruzuku. Tarehe 7 Julai kila mwaka huwa tunaandaa mlo, na kila mwaka kadi ya mlo huo, katika sherehe ya Kiswahili, huandikwa kwa Kiingereza kwa sababu mwandalizi wa chakula ana nakala moja tu ya kadi. Safari hii tuiandike wenyewe. Wali wa nazi uandikwe wali wa nazi. Kisha tuwaendee wenye mikahawa ya karibu na chuo, wa Pwani kwanza na baadaye hata wa Kithai, tujitolee kuwaandikia maelezo. Jina la Kithai libaki kichwani, kama wanavyotaka wenyewe na kama inavyostahili, na chini yake Kiswahili kitangulie Kiingereza.

Nimejaribu machache. Tom yam kung: supu chachu ya kamba, yenye mchaichai, majani ya mlimau na pilipili. Khao niao mamuang: wali wa kunata kwa embe na tui. Som tam: kachumbari ya papai bichi, iliyopondwa kinuni kwa ndimu, njugu, pilipili na mchuzi wa samaki. Tom kha kai ilinisumbua kwa siku mbili, maana kha ni mzizi wa jamii ya tangawizi lakini si tangawizi, na anayeuita tangawizi atamkosea mpishi. Mwenzetu wa Malindi alipendekeza tulikope lenyewe, kha, katika ngeli ya I-ZI, kama walivyokopa waliotangulia achari, sambusa na biriani. Nimekubaliana naye. Kuku wa tui kwa kha na mchaichai.